Seti ya majaribio ya umeme na sumaku kutoka Kariakoo: nunua, ila kuna vitu uvijue kwanza

Wazazi wengi wananiuliza kuhusu hizi seti za umeme na sumaku zinazouzwa Kariakoo, zile za boksi la plastiki lenye vibalbu, waya na sumaku za rangi nyekundu na bluu, kama kweli zinamfaa mtoto wa kidato cha kwanza na cha pili au ni midoli tu ya kumaliza hela. Mimi nafundisha twisheni ya fizikia hapa Morogoro na nimeitumia moja na wanafunzi wangu muhula mzima, kwa hiyo naongelea kitu nilichokishika. Jibu langu ni nunua. Nilitoa sh 65,000 na hela kidogo ya basi kuuleta mzigo huku, na kwa bei hiyo sijaona kitu kingine kinachomuelewesha mtoto umeme kwa kiasi hiki. Ila ina kasoro, na kuna sehemu ukiziacha kama zilivyotoka dukani zitamchanganya mtoto kabisa, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujatuma hela.

Vilivyomo: vishikio vya betri ndogo kama za rimoti (kila betri volti 1.5, na betri zenyewe hazimo, unanunua), balbu ndogo za kuzungusha zimeandikwa 2.5V 0.3A pamoja na soketi zake, swichi za kuinua na kushusha, waya zenye klipu za kubana, rezista (kizuia mkondo) ya omu 5 na ya omu 10, riostati ya kuteleza (rezista unayoibadilisha kwa kusogeza kishikio), ammita ya mshale (kipima mkondo wa umeme), voltimita ya mshale (kipima volti), sumaku mbili zilizonyooka, sumaku moja ya umbo la U, dira, sumaku umeme (chuma kilichozungushiwa waya, kinakuwa sumaku ukipitisha mkondo), mota ndogo yenye panga, jenereta ndogo ya kuzungusha kwa mkono, na kijiti cha plastiki na kitambaa kwa ajili ya umeme tuli (ule wa kusugua vitu). Kijitabu cha maelekezo kipo, ni Kichina na Kiingereza kisichoeleweka vizuri, michoro midogo mno, yaani usimwachie mtoto boksi ukaondoka ukitegemea kijitabu kitamfundisha.

Kitu kinachonifanya niisifie hii seti ni ammita. Wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajawahi kuishika ammita, wameiona ikichorwa ubaoni tu, duara lenye herufi A ndani. Sasa muulize mwanafunzi anayeanza, mkondo ukitoka kwenye betri ukapita kwenye balbu, ukitokea upande wa pili unakuwa umebaki kiasi gani? Karibu wote watakwambia umepungua, balbu imekula sehemu yake, ndo maana betri inaisha. Na ukimwambia si hivo anaitikia kwa sababu wewe ni mwalimu, ila hajakubali. Mimi nawaambia waandike kwanza kwenye karatasi wanachotegemea kuona, alafu tunaunga saketi, betri mbili, swichi, ammita, balbu. Mshale unasimama karibu na ampia 0.28. Tunafungua, ammita tunaihamishia upande wa pili wa balbu, tunafunga swichi tena, mshale unarudi palepale 0.28. Hapo wanaanza kubishana wenyewe, huyu anasema ammita mbovu, huyu anataka tubadilishe balbu, mwingine anasema tuweke balbu mbili tuone, na kila wakibadilisha mkondo unaoingia na unaotoka unakuwa uleule. Somo hilo peke yake kwangu limelipa ile sh 65,000.

Sasa kinachoisha ni nini kama mkondo haupungui? Hapa ndo pa kukaa na mtoto bila haraka. Fikiria mnyororo wa baiskeli, unavyokanyaga pedali mnyororo wote unatembea kwa pamoja, unaoingia kwenye gia ya nyuma ni uleule unaotoka, hauliwi, lakini nguvu ya mguu wako inafika kwenye tairi. Chaji (chembe za umeme, yaani elektroni) kwenye waya ziko hivo, zilikuwepo kwenye waya tangu mwanzo hata kabla hujaunga betri, betri inachofanya ni kuzisukuma zote zizunguke, na kinachotumika ni nishati ya kemikali iliyomo kwenye betri ambayo pale kwenye balbu inageuka kuwa joto na mwanga. Na ndo maana ukikata waya sehemu yoyote ile, hata nyuma ya balbu, balbu inazima palepale. Wanafunzi pia wanashangaa nikiwaambia elektroni zenyewe kwenye waya wa shaba wa saketi kama hii hazifiki hata milimita moja kwa sekunde, ila kwa sababu zote zinaanza kusukumwa karibu kwa wakati mmoja balbu inawaka mara tu unapofunga swichi.

Angalizo la hiyo ammita. Ina sehemu tatu za kufunga waya, ya hasi, ya ampia 0.6 na ya ampia 3. Mtoto akifunga kwenye 3 mshale utasogea kidogo sana na atadhani mkondo haupo. Anza na 3 kwa usalama alafu ukiona mkondo ni mdogo hamia 0.6. Na nyingi zinakuja mshale haujakaa kwenye sifuri, kuna skrubu ndogo pale mbele, izungushe taratibu kwa bisibisi mpaka mshale ukae sawa kabla hujaunga chochote, la sivyo kila jibu litakuwa na makosa na mtoto hatajua yanatoka wapi. Kubwa kuliko yote, ammita usiiunge peke yake moja kwa moja kwenye betri, ukinzani wake (namna kitu kinavyouzuia mkondo, unapimwa kwa omu) ni mdogo mno, mkondo utakuwa mkubwa na utaiharibu. Voltimita ni kinyume chake, yenyewe inakaa pembeni, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule kwenye kitu unachokipima, na ukiiweka kwenye njia ya mkondo balbu inazima kwa sababu ukinzani wake ni mkubwa sana. Hili nalo liacheni watoto walifanye makusudi wajionee, halina madhara.

Kanuni ya Ohm (mkondo ni volti gawanya kwa ukinzani) inafanyika vizuri kwa zile rezista ila sio kwa balbu, na hapa nasisitiza kwa sababu kijitabu kinatumia balbu. Ukiweka rezista ya omu 10 na betri mbili, volti 3 kugawa kwa 10 ni ampia 0.3, na ammita inakupa karibu hapohapo, pungufu kidogo kwa sababu betri nazo zina ukinzani wake ndani na volti zikibebeshwa mzigo zinashuka. Hiyo ya omu 5 inaupeleka mshale karibu na mwisho wa 0.6. Ukitumia riostati kubadilisha mkondo alafu ukaandika volti na ampia za rezista pembeni kwa pembeni, ukigawanya unapata namba ileile kila mara, ukichora grafu unapata mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri, safi kabisa, na ndo zoezi ambalo mtoto atakutana nalo tena mbele akifika kwenye mitihani ya vitendo. Balbu haifanyi hivo. Uzi wa balbu ukipata joto ukinzani unapanda, ikiwaka vizuri ni kama omu 8 (2.5 gawanya kwa 0.3) lakini ikiwa ya baridi ni chini ya hapo kwa mbali sana, kwa hiyo grafu inapinda. Mtoto anayeanza akipewa balbu kwanza ataona Ohm alikosea. Mpe rezista kwanza, balbu baadaye kabisa akishakomaa.

Kuunga kwa mfululizo na kwa sambamba kila mtu anakujua kwa hiyo sikai sana. Balbu mbili kwa mfululizo (moja nyuma ya nyingine kwenye njia moja) zinagawana volti zinafifia, na ukifungua moja na nyingine inazima. Kwa sambamba (kila moja na njia yake) kila moja inapata volti zote na ukizima moja nyingine haijali, na ndo maana nyumba zetu zinaungwa hivo, kila taa na kila soketi inapata volti 230 zake. Kitu nilichoongeza mimi ni hesabu ya LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) maana hiyo inawahusu nyumbani. Balbu hii ya seti ni volti 2.5 mara ampia 0.3, yaani wati 0.75. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa hiyo kibalbu hiki kinahitaji zaidi ya saa 1,300 kula uniti moja wakati pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja tu. Kuna mwanafunzi alienda nyumbani akasoma wati za kila kitu mpaka birika la umeme, akaja na orodha, mama yake akanipigia kushukuru maana sasa wamejua kinachokula uniti ni kipi.

Sasa tuje kwenye sumaku, na hapa ndo kuna kasoro mbaya zaidi ya seti nzima. Walivyopanga boksi dira imekaa ubavuni kabisa mwa sumaku kubwa. Sindano ya dira ni kisumaku chepesi, ikikaa miezi karibu na sumaku yenye nguvu inaweza kugeuzwa ncha, na ya kwangu ilikuja imegeuka, upande mwekundu unaonyesha kusini. Mtoto asiyejua atajifunza kila kitu kinyumenyume! Namna ya kuhakiki ni rahisi, asubuhi simama uangalie jua linapochomoza, mkono wako wa kushoto ndo kaskazini, angalia sindano inasemaje. Ikiwa imegeuka, chukua ncha ya kusini ya ile sumaku kubwa uiburute juu ya kioo kuanzia katikati ya sindano kwenda kwenye ncha nyekundu, unyanyue, urudie tena hivohivo upande mmoja, itarudi. Baada ya hapo dira isirudi tena kwenye boksi, iwekee mfuko wake. Na ukiona sindano imeinama inakwaruza chini upande wa kusini sio lazima iwe mbovu, huku kwetu uga wa sumaku wa dunia (eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika) haulali sawa na ardhi, unaivuta ncha ya kusini iiname, iinamishe dira kidogo mpaka sindano izunguke bila kukwama.

Kuna swali ambalo watoto wenye akili huwa wanauliza na kijitabu hakiligusi: kama ncha zinazofanana zinasukumana, kwa nini ncha ya kaskazini ya dira inavutwa na kaskazini ya dunia? Jibu ni kwamba kule kaskazini ya dunia kisumaku pana ncha ya aina ya kusini. Jina la ncha ya kaskazini kwenye sumaku limetoka kwenye kule inakoelekea tu ukiiacha izunguke yenyewe. Mwambieni mtoto mapema hili, la sivyo litamsumbua miaka.

Unga wa chuma haumo kwenye seti na bila huo uga wa sumaku unabaki kuwa hadithi. Mimi nilienda kwa fundi wa kuchomelea mageti, pale chini anapokatia na kusaga vyuma kuna vumbi jeusi, nikaifunga sumaku kwenye mfuko wa nailoni nikaipitisha juu ya lile vumbi, nikauvua mfuko unga ukadondoka kwenye kikopo, bure kabisa. Muhimu sumaku iwe ndani ya mfuko, ukigusisha moja kwa moja hutakaa uusafishe. Weka sumaku chini ya karatasi nyeupe, nyunyiza unga kidogo, gonga karatasi kwa kidole, mistari yote inajichora kutoka ncha hadi ncha. Na mchanga mweusi wa mtoni au ufukweni mara nyingi nao unanasa kwenye sumaku, una magnetaiti, ni madini yaleyale ya jamii ya chuma cha Liganga kule Ludewa. Hapohapo wajaribu vitu vingine, wengi wanaamini sumaku inavuta metali zote, wape kopo la soda la aluminiamu, waya wa shaba, msumari, waone wenyewe kwamba inashika chuma na kwamba shaba na aluminiamu haigusi. Nikeli na kobalti nazo zinavutwa, ila hizo hutazipata jikoni.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ndani ya hii seti ni la Ørsted na halihitaji kitu chochote cha ajabu. Mwaka 1820 kule Copenhagen, mwanasayansi Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira inageuka pale waya wenye mkondo unapokuwa karibu nayo, na kabla ya hapo umeme na sumaku vilikuwa kama vitu viwili visivyojuana. Weka dira mezani itulie, lalisha waya juu yake kuelekea kaskazini-kusini sambamba na sindano, gusisha ncha za waya kwenye betri sekunde moja tu, sindano inaruka pembeni. Geuza betri, inaruka upande wa pili. Waya wa shaba haukuvutwa na sumaku dakika tano zilizopita, wote wameona, sasa umepitishwa mkondo na wenyewe umekuwa na uga wa sumaku. Sekunde moja nasisitiza, kwa sababu hapo umeunga betri bila mzigo, ukiacha waya unachemka na kishikio cha betri cha plastiki kinalainika pale kwenye springi. Ukitaka usalama zaidi weka balbu kwenye njia, sindano itageuka kidogo ila itaonekana.

Sumaku umeme iliyomo kwenye seti ni dhaifu, sitawaficha, inabeba pini chache tu. Nenda kwa fundi anayewaindi mota omba kipande cha waya wa shaba wenye vanishi, nunua msumari wa inchi 4, zungusha waya mwingi uwezavyo upande mmoja bila kubadili mwelekeo, alafu ncha mbili za waya uzikwangue kwa wembe au msasa mpaka shaba ing'ae. Hiyo vanishi ndo kihami (kizuia umeme), usipoikwangua mkondo haupiti na mtoto atasema haifanyi kazi. Hii ya msumari inabeba kuliko ile ya dukani, na ukihesabu mizunguko unaweza kumwonyesha kwamba mizunguko ikiongezeka kwa mkondo uleule nguvu inaongezeka, mkondo ukiongezeka nguvu inaongezeka. Ukikata umeme baadhi ya pini zitabaki zimening'inia kidogo, msumari una chuma kigumu kinachobakiza usumaku, wakati kile chuma laini cha kwenye seti kinaachia vyote mara moja. Hapo seti ya dukani ndo inashinda, na ni tofauti nzuri ya kuonyesha.

Jenereta ya mkono naipa alama zote. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili (waya uliozungushwa mizunguko mingi), au koili ikisogea kwenye uga wa sumaku, mkondo unazaliwa, na kusogea ndo siri, ukiiweka sumaku ndani ya koili ikatulia hupati kitu. Mpe mtoto azungushe mkono wa jenereta bila balbu, unazunguka kilaini. Alafu unga balbu azungushe tena: mkono unakuwa mzito na balbu inawaka. Fungua balbu, wepesi unarudi. Huo uzito anaousikia mkononi ndo nishati inayoenda kwenye balbu, hakuna umeme wa bure, lazima kitu kisukume. Mwambie kwamba kule bwawa la Julius Nyerere mto Rufiji maji ndo yanashika huo mkono, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na watu wakiwasha pasi na majiko mitambo inakuwa mizito vilevile kama mkono wake ulivyokuwa mzito, lazima maji mengi zaidi yapite. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wanadhani maji yenyewe yana umeme ndani unaochujwa. Ile mota ya panga nayo ni mdogo wake, ukiizungusha kwa vidole na voltimita ikiwa imeungwa mshale unatikisika, mota na jenereta ni kitu kimoja kinachotumika pande mbili.

Umeme tuli ndo sehemu dhaifu kabisa. Kijiti na kitambaa kilichomo hakijanipa matokeo ya maana, na wakati wa masika ndo kabisa, hewa ikiwa na unyevu chaji inavuja haraka. Watu wa Dar na Tanga na pwani kwa ujumla mtapata shida zaidi, watu wa Dodoma na Singida kiangazi mtafurahi. Tumia puto au rula ya plastiki kavu, isugue kwenye nywele safi zisizo na mafuta, ipeleke kwenye vipande vya karatasi au karibu na uzi mwembamba wa maji ya bomba, maji yanapinda. Fanya saa za jua kali mchana hewa ikiwa kavu.

Usalama sasa, wazazi mnisikilize. Vifaa vyote hivi ni vya betri tu. Zile klipu zisikaribie soketi ya ukutani kwa namna yoyote, volti 3 za betri hazimdhuru mtoto akizigusa lakini 230 za ukutani zinaua, na mtoto akishaona balbu inawaka kwa betri ni kawaida kutaka kujaribu na kwenye soketi, kwa hiyo mwambie mapema na kwa ukali. Na kama seti yako imekuja na visumaku vidogo vya duara vyenye nguvu, viweke mbali na wadogo zake, mtoto akimeza viwili vinanasana tumboni kupitia kuta za utumbo na vinaweza kuutoboa, huyo ni wa kukimbiza hospitali hapohapo usisubiri dalili.

Kuhusu duka lenyewe, muuzaji alijibu meseji vizuri, mzigo ulifika haujavunjika, ila balbu moja ilikuwa imeungua na hakutaka kubadilisha. Kwa hiyo ukienda mwenyewe Kariakoo beba betri mbili za kwako, mwambie muuzaji afungue boksi, washa kila balbu mojamoja, angalia mshale wa ammita unasogea na kurudi, zungusha jenereta uone inawasha. Betri nunua alkalaini hata kama ni ghali, hizi za bei rahisi zinashuka volti katikati ya somo na namba zinaanza kubadilika huku watoto wanaandika. Na ongeza balbu za akiba za 2.5V palepale dukani, huku mikoani nimezitafuta sana na zinazopatikana nyingi ni za tochi za volti nyingine.

Kama una hela ya ziada ya multimeta ya dijitali (kifaa kimoja cha kupima volti, mkondo na ukinzani kwa namba) nunua, ni nzuri na inapima mpaka mkondo mdogo sana, ila mtoto aanze na mshale. Mshale unavyopanda taratibu akisogeza riostati anauona mkondo unavyoongezeka, kwenye dijitali anaona namba zinarukaruka tu.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeibakiza kwa sababu ya dira kuwekwa karibu na sumaku na kile kijitabu.